Mtakatifu Nikola Aliyenukia Nyama

Vukašin Beljan hakuwa mtu wa dini, lakini aliwapenda sana watu wa dini. Aliwapenda kama kinyozi anavyopenda nywele ndefu.

Jioni ile ya Desemba alikuwa ameketi katika ukumbi wa chakula wa Hoteli Tri Jele, suti nyeusi, ndevu zimechongwa vizuri, akichokoa maharage yake bila hamu. Hoteli nzima ilikuwa ikila maharage. Mfungo wa kabla ya Krismasi ulikuwa umeshika kasi. Nyama, mayai na maziwa vilikuwa vimeaga, na wageni waliokuja kulowesha magoti yao katika maji ya moto na tope la dawa walitazamana kwa huzuni. Kila mmoja alijua kwamba nyumbani kwake, nyuma ya ghala, mapaja ya nguruwe yananing'inia kwenye moshi yakimngoja amalize kuwa mtakatifu.

Meza ya jirani mtu mmoja alikuwa akinung'unika. Huyo aliitwa Gvozden Šuput, mjenzi wa maghorofa, mnene, na kwa sasa mgonjwa wa goti. Alikuwa akimweleza Bibi Zagorka, mwenye maduka ya dawa mjini, kwamba keshokutwa ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na Nikola ndiye mlinzi wa ukoo wake tangu enzi za babu wa babu yake. Siku kama hiyo nyumbani kwake mlango ungekuwa wazi tangu asubuhi, mshumaa ungewaka mbele ya ikoni, picha ya mtakatifu kwenye ubao, na watu wangeingia kula bila kualikwa, kama slava, sikukuu ya mlinzi wa ukoo, inavyotaka. Na yeye mwenye nyumba yuko wapi? Kwenye tope. Bibi Zagorka akashusha pumzi na kusema kwamba hata kwao mlinzi ni huyo huyo, na yeye pia ameikimbia nyumba yake kwa ajili ya kiuno.

Hapo si pa kushangaa. Nusu ya nchi yetu inamsherehekea Nikola, na nusu nyingine siku hiyo inakwenda kula kwa ile nusu ya kwanza.

Vukašin akaweka kijiko chini taratibu. Chini ya kitanda chake, ndani ya mfuko mkubwa wa ngozi, walikuwa wamelala akina Nikola watatu, pacha watupu. Binamu yake mchoraji alikuwa amewanakili kutoka kwenye postikadi inayouzwa langoni pa monasteri iliyo juu ya mji huu huu, kila mmoja kwenye ubao mkuukuu wa kabati, kisha akawatundika katika kibanda cha kukaushia nyama. Majuma machache ya moshi yaliwapa wazee wale karne tatu za kuheshimika. Kasoro yao ilikuwa moja tu: ukiwakaribia, walinukia paja la nguruwe.

Usiku huo huo, kabla ya watu kulala, Gvozden alijulishwa siri kwenye kona ya baa. Vukašin alimwambia kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo wa dunia kwamba yuko mtawa mmoja, jina lake atakwenda nalo kaburini, ambaye amechoka kuona ikoni ya kale ikiozeshwa na unyevu. Huyo mtawa ameitoa kimyakimya na kuacha nakala ukutani. Anataka iende kwa ukoo wenye heshima. Ukoo mmoja tu.

Gvozden alilifungua taulo aliloletewa, akamtazama mtakatifu, akainamisha pua.

"Ina harufu," alisema.

"Wengine huiita harufu ya utakatifu, bwana mkubwa."

Gvozden akafumba macho na kuvuta pumzi tena, polepole, mpaka tumbo likanguruma. Tangu mfungo uanze hakuwahi kuusikia utakatifu ukiwa karibu namna hiyo. Alitaka kutoa pesa, lakini Vukašin alirudi nyuma kama aliyetukanwa. Noti zina namba, na namba zina mdomo. Basi Gvozden akavua saa yake ya dhahabu.

Bibi Zagorka alipatikana kesho yake katika chumba cha mapumziko, pale wageni wanapolala wakiwa wamefungwa blanketi baada ya tope. Hadithi ilikuwa ile ile, ila safari hii mtawa alikuwa na machozi. Mle ndani hamkuwa na mtu mwingine isipokuwa kikongwe mmoja kitanda cha pembeni, Mama Persida, aliyejulikana hoteli nzima kwa kutembea huku akihesabu mafundo ya kamba yake ya sala. Alikuwa amelala mdomo wazi, kamba mkononi. Vukašin alimtazama, akathibitisha kuwa ni usingizi wa wenye haki, akaendelea na biashara. Bibi Zagorka alilia kidogo, akanusa, akameza mate, na jioni akapeleka koti lake la manyoya chumbani kwa Vukašin likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa nguo chafu.

Kesho yake, siku yenyewe ya Nikola, Vukašin alipanga kuondoka na basi la asubuhi. Alikuwa ameshashuka mapokezi na mfuko wake alipomkuta polisi mwenye masharubu yenye theluji akiwahutubia wageni. Alikuwa Inspekta Milisav, ametumwa kutoka makao ya wilaya. Ikoni ya Mtakatifu Nikola imeibwa monasteri, alisema. Jana baada ya sala ya jioni ilikuwapo, alfajiri haipo. Daraja limefungwa, hakuna gari linalotoka. Baada ya chakula cha mchana kila chumba kitapekuliwa, na anaomba radhi kwa sababu ni sikukuu.

Vukašin aligeuka na mfuko wake kurudi ngazini. Alikuwa amesema uongo mwingi maishani mwake, na wote ulikuwa umekaa pale alipouweka. Hii ilikuwa mara ya kwanza uongo wake kwenda kuwa kweli bila kumwomba ruhusa.

Hajafika chumbani, Gvozden akamkamata kwenye ngazi, uso umekuwa rangi ya jibini.

"Ichukue, ndugu yangu. Ichukue sasa hivi."

"Bwana mkubwa, niichukue niende nayo wapi? Umesikia, wanapekua."

"Wewe ni mtu wa mambo haya. Mimi nina ghorofa katikati ya mji, nina zabuni, nina adui kwenye halmashauri."

Vukašin alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Alieleza kwamba anaweza kwenda jela kwa ajili ya rafiki, ndiyo, lakini mama yake mzee atakula nini? Gvozden akavua pete. Ilitoka kwa shida, kwa sabuni, na Vukašin alimsaidia kuivuta.

Bibi Zagorka alikuja baadaye kidogo akiwa ananukia maganda ya viazi. Alikuwa ameipeleka ikoni nyuma ya jiko, akaiweka juu ya pipa la taka, akaondoka. Hakufika mlangoni. Alirudi, akaipangusa kwa kitambaa chake cha shingo, akaibusu, akaiomba msamaha kwa sauti. Hatuwezi, ndivyo tulivyo. Kwetu mtu anaweza kununua ikoni ya wizi, anaweza hata kuiba mwenyewe na kusali njiani isije ikachubuka, lakini kuitupa takatakani, mkono wenyewe unagoma. Basi Bibi Zagorka aliirudisha ilikotoka, na pamoja nayo hereni zake za yakuti, ili Vukašin asije akajisikia vibaya.

Kumuuzia mtu kitu, kisha mtu huyo huyo akulipe ukichukue tena! Vukašin alikaa kitandani akatazama mavuno yake: saa, koti, pete, hereni. Kisha akawatazama Nikola watatu, na furaha ikapungua. Polisi wakimkuta na mmoja, ni mcha Mungu. Wakimkuta na watatu wanaofanana, pamoja na hereni za mwanamke wa chumba cha pili, wataanza kuuliza maswali, na maswali yalikuwa yameshampeleka jela mara moja huko nyuma. Aliapa siku ile kwamba harudi tena. Kati ya viapo vyake vyote, hicho peke yake alikuwa akikitimiza.

Alitoka kwenye korido kutafuta hewa, na huko akakutana na Mama Persida amebeba mkate wa sikukuu mikononi, mkubwa, umesukwa juu, macho yamejaa maji.

"Na wewe una huzuni, mama?"

"Ni slava yangu leo, mwanangu. Mjane, peke yangu hotelini. Wamenipa ule ukumbi mdogo, Mungu awabariki. Nina mkate, nina ngano ya kuchemsha, nina divai, nina mshumaa. Ikoni nimeiacha nyumbani. Sasa mshumaa niuwashe mbele ya nini? Mbele ya kalenda ya kiwanda cha mabomba?"

Vukašin angeweza kumkumbatia. Ni polisi gani, katika nchi hii, atakayepekua meza ya slava? Ataingia, atavua kofia, atafanya ishara ya msalaba, ataonja ngano kwa kijiko na kumtakia mwenye nyumba heri. Kumshuku mtakatifu mbele ya mshumaa wake ni jambo ambalo hata chuo cha polisi hakifundishi.

Alimweleza mama yule kwamba, kwa bahati, yeye hasafiri bila ikoni ya familia, na itakuwa heshima kwake. Mama Persida alimbariki mara mbili. Akaomba aichukue kwanza chumbani kwake aipanguse kwa mafuta na jani la rihani, kama mama yake alivyomfundisha. Wakati huo Vukašin aliingia ukumbi mdogo na kuitandaza meza mwenyewe. Nikola wawili aliwalaza chini ya kitambaa cha meza, chini ya sahani ya mkate. Mfuko wenye mavuno aliusukuma chini ya kiti cha mama, nyuma ya shali zake, mahali ambapo hakuna mtu mwenye adabu angeinama.

Mama alirudi na ikoni imefungwa kwa taulo la kutarizi. Vukašin akaipokea na kuitundika ukutani. Hakuinusa. Alikuwa anafikiria hotuba.

Watu wakaja, kama ilivyo desturi, bila kuitwa. Wakaja wenye magoti na wenye viuno, wakaja wahudumu, akaja mpishi na kambare mkubwa wa kukaanga, maana mfungo unaruhusu samaki. Gvozden na Bibi Zagorka nao wakaja, kwa sababu kutokuja kungeonekana. Walipoinua macho ukutani, kila mmoja aliijua ikoni yake, na kila mmoja akaanza kumchunguza samaki kwa makini ya ajabu.

Kisha akaja Inspekta Milisav. Alivua kofia. Akafanya ishara ya msalaba. Akaonja ngano. Vukašin alimtazama kwa upendo wa mtu anayetazama saa inayokwenda sawasawa.

"Ikoni nzuri," alisema Inspekta huku akiketi. "Ya kwenu, mama?"

"Muulize huyu mwanangu, afande. Ni yake. Ameniazima kwa huruma."

Watu wote wakageuka. Vukašin akasimama, mkono kifuani. Akasema ni ya babu yake. Babu alivuka nayo mlima katika theluji wakati wa vita, ameifunga kifuani kwa mkanda wa bunduki, na akiwa kufani alimwita mjukuu wake na kumwambia: hii usiitoe kwa mtu, isipokuwa kwa mjane. Mpishi alijifuta macho. Inspekta alisema watu wa namna hiyo hawapo tena. Vukašin alikaa chini akiwa karibu kumwamini babu yule.

Ndipo alipomtazama Mama Persida, na kitu kikamkwaruza.

Mama alikuwa ameketi. Si ameketi tu: alikuwa amechomeka kitambaa shingoni na anakula mgongo wa samaki, ile sehemu nene, kwa raha zake. Sasa, mwenye slava haketi. Tangu mgeni wa kwanza aingie hadi wa mwisho atoke, mwenye nyumba yuko wima, anamimina, anagawa, anasema kuleni. Bibi yake Vukašin mwenyewe alivunjika nyonga akasherehekea akiwa ameegemea mlango, na hakuna aliyethubutu kumsogezea kiti. Mtu anaweza kukosea sala, anaweza kukosea hata mtakatifu. Kukaa, hapana. Anayekaa ni mgeni.

Vukašin aliinuka, akajifanya anakwenda kuibusu ikoni. Akaleta pua karibu. Nta. Ubani wa kale. Harufu ya mbao iliyobusiwa na watu wengi waliokuwa na shida za kweli. Nyama, hata kidogo, haikuwamo.

Alirudi kwenye kiti chake.

"Mama," alinong'ona, "umekaa."

"Miguu, mwanangu."

"Slava yako hasa ni lini?"

"Mimi? Mimi huwa nakula za watu."

"Ile ya ukutani..."

Mama Persida alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani kwa unadhifu. "Nilikuwa nimelala pale chini ya blanketi, nikasikia unamwambia bibi wa madawa kwamba imeibwa. Nikasikitika. Kijana mzuri, anajisingizia kosa ambalo hakulitenda. Hao matajiri wako wangekulipa mara moja tu, wakaishia hapo. Wewe ulisema uongo, mwanangu, ukaenda kulala. Mimi nikaufanyia kazi."

Kisha akajifuta mdomo, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba padri yuko njiani kuja kubariki mkate, na yeye anakwenda kumpokea. Nje kuna baridi, aliongeza. Akainama, akautoa mfuko chini ya kiti, na kutoka kwenye mfuko akatoa koti la manyoya, akalivaa bila haraka, akaubeba mfuko. Bibi Zagorka aliliona koti lake likipita mbele yake, kola, vifungo, na kile kiraka kidogo kwenye mkono alichokishona mwenyewe. Alifungua mdomo. Akatia kipande cha samaki. Inspekta alinyanyuka akamshikia mama mlango.

Vukašin naye alitaka kunyanyuka, lakini mkono mzito wa Inspekta ulikuwa umesharudi na kutua gotini pake.

"Mshumaa bado unawaka, ndugu. Unakimbilia wapi?"

Padri alikuja kweli. Alikuwa Baba Gerasim, wa monasteri ile ile, maana asubuhi bibi mmoja mwema alikuwa amemsihi ashuke kubariki mkate wa mjane. Aliingia na theluji ndevuni, akageukia ikoni kufanya ishara ya msalaba, na mkono ukabaki hewani. Pembeni chini kulikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiunguza, akiwa mtawa mpya, siku aliyosinzia na mshumaa mkononi, na hakuna siku iliyopita tangu hapo asiiombe msamaha. Baba Gerasim akapiga magoti. Watu wakadhani ni ibada, wakainamisha vichwa.

"Huyu ni wetu," alisema.

Polepole, macho yote yalihama kutoka ukutani hadi kwa mjukuu wa yule babu.

Hapo Vukašin alifanya jambo ambalo hakuwa na uzoefu nalo: alisema ukweli. Alisema hajaiba. Alisema yeye ni mghushi tu, na ushahidi upo. Akafunua kitambaa cha meza, akawatoa Nikola wawili chini ya mkate, akawapitisha puani pa watu mmoja mmoja. "Nuseni wenyewe. Kibanda cha nyama kitupu. Nusa, afande."

Watu walinusa. Ukumbi mzima ukameza mate kwa pamoja. Gvozden Šuput alielewa, na uchungu ulionekana usoni pake, kwamba siku hizo zote alikuwa akisali mbele ya paja la nguruwe.

"Kwa hiyo hizi umeghushi," alisema Inspekta.

"Ndiyo, afande. Namshukuru Mungu."

"Na ile ni ya babu yako."

Vukašin akawalaza Nikola wake wawili kando ya samaki.

"Basi umeghushi na umeiba. Yote mawili. Ni siku ndefu kwangu."

Vukašin alimtaja Mama Persida. Hapo ndipo karibu apigwe. Mama wa watu, anayesali hata kwenye lifti! Mpishi alimwambia aone haya, na leo ni sikukuu. Akawataja Gvozden na Bibi Zagorka, aliowauzia na waliomrudishia. Inspekta akawauliza kwa adabu kama wamewahi kununua chochote kwa mtu huyu. Gvozden alisema ndiyo kwanza anamwona. Bibi Zagorka alisema watu wa aina hii wanamtisha. Saa ya dhahabu, pete, hereni na manyoya vilikwisha kusahauliwa na wenyewe, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote ya kupoteza mali.

Kwa kuwa ikoni imepatikana, Inspekta alipiga simu daraja lifunguliwe. Basi la mchana likapita. Polisi wa darajani alichungulia ndani, akamwona bibi mzee katika manyoya mazuri akihesabu mafundo ya kamba yake, akagusa kofia na kumtakia sikukuu njema. Bibi akamtakia na yeye, pamoja na watoto wake.

Jioni Vukašin alikuwa mahabusu ya mji, kwenye benchi, suti nyeusi imekunjamana. Mlango wa vyuma ukafunguliwa. Mlinzi, mtu mrefu wa umri wa kustaafu, aliingia na sahani ya samaki, kipande cha mkate na kikombe cha ngano ya kuchemsha. Kwenye meza yake nje, kati ya simu na mihuri, mshumaa ulikuwa unawaka mbele ya Nikola wa karatasi aliyebandikwa ukutani kwa gundi.

"Ni slava yangu," alisema. "Zamu imeniangukia leo. Kula, mgeni."

Vukašin alikula. Alipomaliza samaki akagundua kwamba mlinzi bado amesimama kando yake, chupa mkononi, anamngoja.

"Kaa basi, mzee. Umekuwa wima siku nzima."

"Leo sikai."

Alimmiminia divai, akampa mgongo, akaenda kumkatia mkate mwingine. Vukašin alibaki na kijiko cha ngano mkononi. Kisha mkono wake wa kulia, bila kumuuliza, ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka tumboni, ukaenda bega hadi bega. Akautazama kwa mshangao. Mlinzi hakuwa amegeuka. Humo ndani hamkuwa na mtu wa kudanganywa.